Hudi ya bluu yenye mikono myeusi

Jumapili. Mvua ilianza tukiwa kanisani, na mpaka sasa jioni bado ni manyunyu. Nimejifunga kitenge cha mama juu ya fulana kuukuu kwa sababu sikutaka kufungua tena kabati langu leo. Sina hamu ya nguo. Mkiona mimi nimeandika sentensi hiyo, mjue kuna jambo.

Hapa nimezoea kuandika habari za mavazi ya mtaani: nani katupia nini, kampuni ipi imetoa raba zipi, feki ipi inatembea Tarime nzima kana kwamba imegawiwa bure. Nimekuwa na mdomo. Nimewahi kumcheka mtu mbele za watu kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa kifuani kwake. Leo mdomo huo naugeuzia kwangu mwenyewe.

Nianzie mbali kidogo, ili hata asiyenijua aelewe.

Naitwa Bhoke. Nina kibanda cha nguo na cherehani mbili Nyamisangura, na nyumbani ni Nkende, kwa mama. Nilianza kupenda nguo za mtaani nikiwa sekondari, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya alama. Nguo isiyo na alama kubwa kifuani niliiona haijakamilika. Jumamosi nilikuwa nawahi Sirari, mpakani, wafungue belo za mitumba mbele ya macho yangu. Wauzaji wa upande wa Kenya wanaiita nguo bora ya belo kamera, na mimi nilijifunza kuijua kamera kwa kushika tu: uzito wa kitambaa, mshono wa kwapani, lebo iliyoshonwa na siyo ya kubandika. Watu walisema navaa kama mwanaume. Niliwaacha waseme, maana walikuwa wananitazama, na kutazamwa ndiko nilikokutaka.

Kuna raba nyeupe nilizinunua wakati huo kwa akiba ya muhula mzima. Tope la Nkende mnalijua. Masika ya kwanza tu soli ikabaki njiani nami nikaendelea mbele. Zilikuwa feki, mimi mwenye mikono ya kujua kamera.

Baadaye alama zikanichosha. Maoni yangu kuhusu kampuni kubwa ni yale yale niliyowahi kuyaandika hapa na siyafuti: nguo zao ni nzuri, lakini wanakuuzia jina lao, halafu wewe unalitembeza bure kama mpiga debe. Feki nazo zina uongo wao. Nikaanza kuvaa nguo zisizo na maandishi yoyote, pana kuliko mwili, rangi mbili basi. Rangi ndiyo ikawa alama yangu. Nikajiambia siku moja nitashona yangu mwenyewe, na mtu ataitambua akiwa ng'ambo ya barabara bila kusoma chochote.

Sasa habari ya Mwita.

Mwita ni kaka yangu, ndiye mkubwa wangu pekee. Baba alipofariki, Mwita alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule akaenda kuchimba mitaro ya mabomba ili mimi nisome, na huko kwenye mitaro ndiko alikojifunzia ufundi wa maji. Kila sare niliyoivaa tangu darasa la tano ilitoka mgongoni mwake. Alipopata kazi kwenye kambi moja ya wageni karibu na Robanda, ukingoni mwa hifadhi ya Serengeti, ilikuwa sherehe kwetu. Huko huko akamwoa Mugesi, binti wa Kiikoma, mzaliwa wa Robanda.

Mwaka jana nilikwenda kuwasalimia. Kutoka Mugumu nilipanda pikipiki, na njiani nikaona vitambaa vimetundikwa kwenye miti na kwenye nguzo fupi, kimoja baada ya kingine, bluu na nyeusi, vinacheza na upepo juu ya nyasi kavu. Sisi wa Tarime ni watu wa milimani, tumezoea baridi na migomba. Kitu kile sikuwahi kukiona. Nilidhani ni alama za mpaka wa hifadhi, au pambo la watu wa utalii. Sikuuliza. Nilitoa simu nikapiga picha, kwa sababu bluu ile na weusi ule pale porini vilikuwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kukiona kwenye kurasa za mitindo.

Niliporudi nikakitafuta kitambaa kizito cha flisi cha bluu ile ile mpaka nikakipata. Nikashona hudi, yaani sweta lenye kofia, mwili bluu, mikono myeusi. Nikaziita Robanda. Nilishona kumi na mbili, na ndani ya shingo ya kila moja nikaweka lebo ndogo yenye jina langu. Mlionisoma wakati ule mnakumbuka nilivyojisifu. Niliandika kwamba sasa mkoa wa Mara una vazi lake.

Ya kwanza nilimpa Mwita. Miaka yote ile yeye ndiye aliyenivika mimi. Hudi ile ilikuwa nguo ya kwanza mimi kumvika yeye.

Aliifanya sare ya kazi. Alinitumia picha akiwa juu ya tangi, akiwa ameinamia pampu, akiwa na wageni waliomwomba wapige naye picha. Akaniambia kwenye simu kwamba watu wanamuuliza imetoka nchi gani, naye anawajibu imetoka Nkende. Mimi nikazipandisha picha zote hapa, moja baada ya nyingine.

Kisha homa ikaanza. Alisema ana uvimbe shingoni unaouma, mithili ya jipu lisilotunga usaha. Kwetu homa yoyote ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, basi nikamnunulia dawa za malaria nikazituma kwa gari. Akapata nafuu, akaumwa tena. Baada ya wiki kadhaa akawa anasinzia mchana spana ikiwa mkononi, na usiku macho makavu. Akawa mkali kwa mke wake, yeye Mwita ambaye hakuwahi kumpandishia yeyote sauti. Akaanza kusahau majina ya watu. Mugesi ndiye aliyemkokota hospitali, na ndiye aliyekataa kuondoka pale mpaka wampime damu upya.

Wakasema ni malale.

Malale, ugonjwa wa usingizi, huletwa na mbung'o, yule nzi mkubwa wa porini anayeuma hata juu ya nguo. Mwita alilazwa muda mrefu. Yu hai, namshukuru Mungu. Sasa yuko hapa kwa mama pamoja na mke wake, anatembea, anakula vizuri, ila maneno yanachelewa. Unamuuliza kitu, halafu unasubiri. Daktari alisema yatarudi taratibu, tuwe na subira.

Subira hiyo mama hana. Mama yangu ni mtu wa kanisa, hakosi ibada. Lakini alipomwona mwanawe anasinzia mchana kweupe mbele ya mke, mpole, hana la kusema, alitamka neno moja: limbwata. Yaani Mugesi amemlisha mume dawa ya kumtuliza, na dawa imezidi kipimo. Nilimweleza habari ya mbung'o. Alinisikiliza mpaka mwisho, mama si mjinga, kisha akaniuliza: "Mbung'o ni wengi huko, na watu ni wengi. Kwa nini yeye?"

Jibu nililipata wiki mbili zilizopita. 

Nilikwenda Robanda kuchukua vifaa vya kazi vya Mwita. Nilivaa hudi yangu, pacha wa ile ya kwake, kwa sababu nilikuwa na huzuni na nilitaka kufanana naye. Njiani tukamkuta mzee mmoja wa makamo, shati na suruali ya kaki, anabadilisha vile vitambaa. Vilivyopauka anavishusha, vipya anavipandisha. Nikamwomba dereva wa pikipiki asimame. Nilitaka picha nyingine, jamani. Nikamwamkia yule mzee, nikamuuliza vitambaa ni vya nini.

Alinitazama kuanzia kofia mpaka kiunoni, akacheka. "Binti, na wewe umekuja kutusaidia kazi?"

Kisha akanieleza kwa upole, kwa namna ya mtu anayeipenda kazi yake. Mbung'o huiona bluu akiwa mbali, akaifuata. Akifika, hutua kwenye nyeusi. Kitambaa kimetiwa dawa, akitua anakufa. Bluu ni ya kuwaita, nyeusi ni ya kuwakalisha. Alipokuwa anasema hayo, watatu walikuwa tayari wametua kwenye mkono wangu mweusi, naye akawapiga kwa kofia yake huku akiendelea na maelezo.

Vitambaa vyake vilikuwa na dawa. Changu hakikuwa nayo.

Nilikuwa nimeshona mtego, nikausahau upande wa sumu, nikamweka kaka yangu ndani. Ule uvimbe wa kwanza ulikuwa shingoni, vidole viwili chini ya lebo yenye jina langu. Nimejaribu kujitetea. Daktari mwenyewe alisema hakuna anayeweza kujua ni nzi gani, siku gani, na wapo wanaougua bila kuvaa bluu maishani mwao. Ni kweli. Lakini mama aliuliza kwa nini yeye, na jibu nilikuwa nalo kabatini.

Nikanyamaza wiki mbili nzima.

Nitasema kwa nini, maana ndiyo sababu ya kuandika leo. Biashara haikuwa sababu kubwa. Niliogopa Mwita asinitazame tena kama anavyonitazama. Na kuna la pili, linaniuma hata kuliandika: limbwata la mama lilinipa mahali pa kujificha. Mama alipokuwa akimsema Mugesi jikoni, mimi nilikuwa naosha vyombo kwa kelele ili nisilazimike kujibu. Nimekuwa nikiwahukumu watu kwa nguo zao muda wote huu, na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha nyuma ya mwanamke mwingine.

Alhamisi mama akaitisha kikao. Baba mkubwa aje Jumapili, Mugesi arudishwe kwao, mambo ya ng'ombe wa mahari yatazungumzwa baadaye. Mugesi hakubisha. Alifua nguo zote za Mwita, akazipiga pasi, akafunga begi lake na kuliweka nyuma ya mlango wa sebuleni. Hatukumwona akilia.

Leo tukakaa. Baba mkubwa kwenye kiti cha baba, mama pembeni yake, Mwita kwenye kochi, Mugesi kwenye mkeka chini, macho kwenye mkeka. Mimi sikuwa mwanakikao. Binti ambaye hajaolewa kazi yake pale ni chai. Nilimwamkia baba mkubwa shikamoo, nikamimina, na nilipofika kwenye kikombe cha Mugesi nilikijaza mpaka chai ikamwagika. Akachukua pindo la kanga yake akafuta yeye, haraka haraka, ili mama asione.

Hapo nikashindwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Niliweka chupa ya chai chini, nikaenda chumbani, nikaileta hudi, nikaitandaza mezani mbele ya mama. Nikaeleza yote, kuanzia ile picha ya mwanzo mpaka yule mzee wa kaki. Sauti yangu ilitoka kavu, kama ninasoma matangazo ya kanisani. Nikamwambia mama: uliniuliza kwa nini yeye, jibu ni mimi.

 Baba mkubwa aliishika ile hudi, akaigeuza, akaisoma lebo, akaiweka mahali pake.

Ndipo Mwita akainua mkono. Siku hizi huinua mkono, kwa sababu mtu akimtangulia kusema, neno linampotea. Sote tukasubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nilijua," akasema.

Tukasubiri tena.

"Waliniambia siku ya kwanza. Kazini. Mugesi aliificha ile hudi mara mbili. Nikamgombeza. Nikamwambia anamwonea wivu dada yangu."

Nimekaa na simu hii muda mrefu kabla ya kuandika aya hii. Kila mtoto wa Robanda anajua habari ya bluu na nyeusi. Vipi nilifikiri Mugesi hajui? Alijua alipokuwa anamkokota mume hospitali. Alijua mama alipomwambia usoni kwamba ni mtu wa limbwata. Alijua alipokuwa anapiga pasi zile nguo. Angesema neno moja tu angeokoka, na neno lenyewe lilikuwa jina langu.

Baba mkubwa akamuuliza kwa nini alinyamaza. Mugesi hakuinua uso, maana hamtazami mkwe wake. Alijibu kwa sauti ndogo: "Alikuwa anaumwa, baba. Sikutaka ampoteze dada yake pia."

Mama yangu hajui kuomba msamaha. Sijawahi kumsikia akiomba, na leo pia hakuomba. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akalibeba begi la Mugesi kwa mikono yake miwili na kulirudisha chumbani. Tulimsikia huko ndani akilifungua zipu na kupanga nguo kwenye sanduku. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akamwambia baba mkubwa kwamba ugali uko tayari.

Mwita alinishika mkono wakati wa kula.  Nililia juu ya sahani, bila aibu, nina miaka ishirini na sita.

Alasiri nimeshughulikia yaliyobaki. Katika zile hudi kumi na mbili, nne zilikwenda Robanda kwa wenzake Mwita wa kazini. Nimewapigia mmoja mmoja. Watatu wamesema waliacha kuzivaa porini tangu zamani, wanazivaa wakija mjini tu. Walidhani najua. Mmoja alisema walifikiri ni utani wa watu wa Tarime. Wa nne atairudisha kwa gari. Nyingine ziko huku kwetu, na huku mbung'o hakuna, lakini kama unayo na una safari ya kwenda Serengeti, iache nyumbani. Vaa kaki. Vaa rangi ya nyasi kavu. Ndiyo, mimi niliyewacheka wavaa kaki miaka yote ndiye ninayesema hivyo. Na ukipata homa baada ya kutoka huko, usijitibu kwa kubahatisha kama nilivyofanya, nenda ukapimwe na useme ulikuwa wapi.

Makala yangu ya kujisifu sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba isomwe pamoja na hii.

Mnaniuliza mara nyingi mtindo wangu umebadilikaje. Kwanza nilivaa majina ya watu wengine, baadaye nikavaa rangi, nikadhani nimekua. Nilikuwa nawacheka wanaovaa fulana zenye maandishi ya lugha wasiyoijua. Mimi nami nilikuta kitu chenye maana kwa watu wa pale, maana ya ugonjwa na kazi na kifo cha mifugo, nikakichukua kwa sababu kinapendeza kwenye simu. Nilikuwa na wifi anayejua kila kitu. Swali moja tu lingetosha, na sikuliuliza kwa sababu nilimwona ni wa kijijini, hajui nguo. Hilo ndilo kosa langu, na nimelisema.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini Mugesi ameingia sasa hivi na kuketi ukingoni mwa kitanda changu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia kumwomba radhi. Akaanza yeye.

"Wifi, mimi hujawahi kunishonea kitu."

Nikamwambia ni kweli. Miaka mitatu, hata kilemba sijamshonea. Akatazama chini, halafu nikaona anatabasamu kidogo.

"Rangi nitachagua mwenyewe," akasema, akaenda kumpa Mwita dawa zake.

Kesho nitamkalisha kibandani mbele ya vitambaa vyote nilivyo navyo. Nitamuuliza anataka kipi, na kwa nini hicho. Halafu nitafunga mdomo wangu, nimsikilize mpaka amalize.